Unaliona Gari, Dereva Hakuoni

(Maneno haya yalisemwa jioni kwenye mkutano wa kijiji kando ya barabara kuu ya Morogoro–Iringa, katika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Msemaji ni dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu. Yameandikwa kama yalivyotoka, isipokuwa pale kipaza sauti kilipokatika.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wetu, Mwalimu Mkuu uliyetupa uwanja huu, afande wetu wa usalama barabarani, wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana wa kijiweni mliozima pikipiki ili tusikilizane: itifaki imezingatiwa. Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, marahaba, maana najua mmeniamkia mioyoni.

Mwenyekiti alitaka nizungumze saa tisa alasiri. Nikamwambia hapana, maneno yangu yanahitaji giza. Ndiyo maana mmeitwa saa hizi, wakati akina mama mko na moto jikoni. Mtanisamehe. Jua lile linazama upande wa Mikumi, na kabla sijamaliza mtakuwa hamwoni sura yangu, jambo ambalo si hasara kubwa. Kwetu huku giza halibishi hodi. Kaskazini ya Ulaya jua likizama katikati ya mwaka watu hubaki na mwanga saa nzima na zaidi. Sisi tulio karibu na ikweta, toka jua lizame mpaka giza la kweli ni kama nusu saa, na mara nyingi haifiki. Mtoto aliyetumwa dukani kukiwa na mwanga anarudi gizani, na hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Nimeendesha malori ya mizigo barabara hii kwa miaka mingi, Dar es Salaam hadi Tunduma na kuvuka mpaka. Nyote mnaijua barabara mkiwa pembeni yake. Mimi nimekuja kuwaambia inavyoonekana ukiwa nyuma ya kioo cha mbele, usiku. Nina jambo moja tu, mengine yote yanafuata humo.

Ukiwa kando ya barabara usiku, gari unaliona kutoka mbali sana. Taa zake unaziona likiwa bado linapanda kule, pengine kilomita mbili. Unaliangalia likija. Muda wote huo moyo unakwambia: mimi nimeliona, kwa hiyo naye ameniona. Hapo ndipo watu wanapofia. Wewe unatazama taa. Yeye anatazama giza.

Jambo hili limepimwa. Watu walisimamishwa kando ya barabara usiku wakaulizwa waseme ni wakati gani wanaamini dereva ameanza kuwaona, kisha ikalinganishwa na pale dereva alipowaona kweli. Karibu wote walijipa umbali mkubwa kuliko ule halisi, wengine mara mbili na zaidi. Hawakuwa wajinga. Ni kwamba hakuna mtu anayejiona mwenyewe kutoka ndani ya gari.

Nitawapa hesabu, na mwalimu wa hisabati anisahihishe. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Dereva akiona kitu hakanyagi breki papo hapo. Jicho limpe taarifa, akili itambue ni nini, ndipo mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye breki. Kwa dereva mzima, asiyelewa wala kusinzia, chukulia sekunde moja na nusu. Gari limeshakwenda mita 33 na breki haijaguswa. Kisha breki zenyewe: gari dogo, tairi nzuri, lami kavu, mita kama 35 nyingine. Jumla unakaribia mita 70. Semi yenye shehena inataka zaidi ya hapo, na kama mvua inanyesha usiniulize.

Sasa upande wa pili wa hesabu. Mtu aliyevaa nguo nyeusi, au bluu iliyokolea, au kahawia, dereva aliyeshusha taa anaanza kumwona akiwa mita 25 au 30. Anahitaji 70, amepewa 30. Kabla mguu haujafika kwenye breki ameshapita pale mtu alipokuwa amesimama. Na dereva huyu hakunywa, hakuwa na haraka, leseni yake haina doa. Mtu huyohuyo akivaa shati jeupe anaonekana mita 50 au 60. Ni nafuu, lakini bado haitoshi. Akiwa na kipande cha reflekta kilichoelekea gari, anaonekana mita 130, 150, wakati mwingine zaidi. Hapo dereva ana sekunde karibu sita. Sekunde sita barabarani ni nyingi: unapunguza, unahama kidogo, unapita, na hakuna hata aliyepiga honi.

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ule uliowekwa penye makazi ya watu, gari dogo linasimama kwa mita 35 hivi. Kwa hiyo kile kibao cha 50 pale mwanzo wa kijiji, ambacho madereva tunakinung'unikia kwa sababu afande hujibanza karibu yake na tochi yake ya kupimia mwendo, kina hesabu nyuma yake. Afande, nimekutetea, na wewe siku moja ukumbuke.

Kuna jambo jingine wasiolijua wengi. Magari mawili yanapokaribia kupishana, taa zimewaka pande zote mbili, mtu aliye barabarani katikati yao huona mwanga umemzunguka, anajiona yuko kweupe kama mchana. Kumbe huo ndio wakati anapotea kabisa. Taa za yule anayekuja zinampiga dereva machoni, na kila kilicho pembeni ya mwanga ule kinakuwa cheusi tii. Hata taa zikishapita, macho hayarudi mara moja. Kuna sekunde mbili tatu unaendesha kwa kukumbuka barabara ilivyokuwa. Waulizeni madereva, watawaambia. Basi ukiona magari mawili yanakaribia kupishana mbele yako, usivuke. Rudi nyuma, yapite yote mawili, acha giza litulie, ndipo uvuke.

Naona giza limeshaingia vizuri. Mwalimu, naomba wazime ile taa ya ofisi. Nina vijana wawili hapa. Wote wamevaa sweta za shule, bluu ileile. Mmoja nimemfunga huu mkanda wa reflekta kwenye vifundo vya miguu, mwingine sikumfunga kitu. Nendeni mpaka golini kule, msimame pamoja, kisha mtembee kuelekea kona. Afande, niazime tochi. Ile ya betri, siyo ile nyingine.

(Kicheko. Tochi inawashwa.)

Mnaona nini? Mnaona miguu inatembea yenyewe. Watoto wanacheka, na wana haki ya kucheka, inachekesha. Haya, niambieni: mwenzake yuko wapi? Nani anamwona? Mzee pale anasema yuko nyuma. Mama anasema amerudi. Yuko hatua mbili kushoto kwake, hajaondoka. Inua mkono, kijana. Mmeona? Hamjaona. Na hapa tumesimama, tumetulia, tunajua kuna watu wawili na tunawatafuta. Dereva hajui kama kuna mtu, na anakuja mbio.

Yule bwana aliyekaa mbali upande wa jikoni anasema hajaona hiyo miguu, ninawadanganya. Sikudanganyi, mzee wangu. Mkanda huu ndani yake una vipunje vya kioo vidogo kama unga. Kazi yake ni kuchukua mwanga na kuurudisha kulekule ulikotoka. Kioo cha kujitazamia kinarusha mwanga upande mwingine, lakini huu unamrudishia mwenye taa. Ndiyo maana nimeshika tochi karibu na jicho langu, na walio karibu nami wameona. Taa za gari ziko chini ya macho ya dereva, kwa hiyo ni yeye hasa anayeletewa mwanga huo. Wewe uliye pembeni, au wewe mwenyewe uliyevaa, huoni kitu, unadhani umevaa kipande cha kijivu tu.

Wanaopita Mikumi wameshaliona jambo hili kwa wanyama. Barabara inapita ndani ya hifadhi kilomita kama 50, na usiku kitu cha kwanza kukiona ni macho ya swala, nuktanukta, mbali kabisa kabla hujaona mwili. Nyuma ya jicho la swala kuna utando unaorudisha mwanga. Jicho la binadamu halina. Mwenyezi Mungu ana hekima yake, lakini matokeo ni kwamba dereva anayetoka Iringa usiku anamwona swala mapema, na akitoka hifadhini akaingia vijijini, mwenye nyumba na watoto wake ndiye haonekani.

Mtagundua nimeufunga mkanda miguuni, sikuuweka kifuani. Nuktanukta ya mwanga iliyotulia dereva anaweza kudhani ni kigingi cha barabara, au chupa, au mkebe. Ikianza kupanda na kushuka, kwenda mbele na kurudi, akili inajua papo hapo: huyo ni mtu, anatembea. Baiskeli za zamani zilikuwa na akili hii. Pedali zake zilikuwa na vipande vya rangi ya chungwa. Ukiwa nyuma usiku unaona nukta mbili, moja ikipanda nyingine ikishuka, na huna haja ya kuuliza. Siku hizi mtu akinunua baiskeli, pedali zikivunjika anafunga kipande cha mti. Wale ndugu zetu wanaoteremsha mkaa alfajiri, magunia matatu nyuma, mwendeshaji haonekani hata kichwa na hana taa: mkaa ni mweusi, gunia limechakaa, baiskeli ina kutu. Ukitaka kumficha mtu barabarani usingeweza kufanya vizuri zaidi. Nukta mbili za pedali na kipande chekundu nyuma ya gunia zingetosha kumpa sekunde zake sita.

Hiki kijikadi nilichofunga kwa uzi mfukoni, mnachokiona kinazungukazunguka, ni desturi ya watu wa Finland. Huko majira ya baridi sehemu kubwa ya siku ni giza. Bwana mmoja, Arvi Lehti, aliyekuwa akitengeneza vitu vya plastiki kijijini Pertteli, alianza na vipande hivi kwa ajili ya mikokoteni ya farasi, isigongwe na magari. Baadaye ikaonekana kwamba mtembea kwa miguu naye anastahili kile alichopewa farasi. Leo sheria yao inamtaka anayetembea gizani awe na reflekta, na wengi wao, wazee kwa watoto, hunining'iniza kijikadi usawa wa goti. Ni kitu cha bei ndogo, na mimi nacho nilipewa bure na mzungu mmoja bandarini. Hakuna ufundi ndani yake tusiouweza.

Sasa nije kwenu, vijana wa kijiweni. Ninyi mna vizibao. Ninaviona: vya chungwa, vya kijani kile kinachowaka, vingine vina matangazo makubwa kifuani. Kuna mambo mawili tofauti kwenye kizibao na watu wanayachanganya. Ile rangi inayowaka ni ya mchana na ya machweo. Inachukua miale ya jua tusiyoiona na kuigeuza kuwa mwanga tunaouona. Usiku haina kazi hiyo. Usiku kazi ni ya ile mistari ya kijivu peke yake. Na mistari mingine sokoni ni kitambaa cha kung'aa tu, hairudishi kitu. Kukipima hakuhitaji fundi. Kitundike gizani, rudi nyuma hatua ishirini, piga picha na simu yenye mwanga. Mistari ikitokea myeupe kama imewashwa, kizibao ni kizima. Ikitokea ya kijivu kama nguo nyingine, umevaa tangazo la mtu bure. Hata kile kizima kikifuliwa kwa jiki na kuanikwa juani kila siku, kinachoka. Kikijaa vumbi la barabara hii yetu, vivyo hivyo.

Halafu niwaulize: mkibeba abiria, nani anakiona kizibao chako mgongoni? Hakuna. Mgongo wako umefunikwa na abiria, abiria amevaa koti jeusi, na gari la nyuma linaona koti. Mkipiga mshikaki, abiria wawili, watatu, ndiyo kabisa. Afande amesikia, sitaendelea. Kwa hiyo reflekta yako ya nyuma iwe pale ambapo mwili wa mtu haufiki: nyuma ya helmeti yako, nyuma ya helmeti ya abiria, kwenye madigadi, pembeni mwa kile chuma cha kubebea mizigo. Na taa nyekundu ya nyuma iwake. Siku hizi nakutana na pikipiki zina taa za bluu na kijani zinamweta nyuma kama ukumbi wa harusi. Dereva usiku ana lugha moja: nyekundu ni mgongo wa mtu, nyeupe ni uso wake. Ukimchanganyia rangi hajui kama unakuja au unakwenda, na muda anaopoteza kujiuliza anautoa kwenye breki zako wewe.

Mchana je? Mchana washeni taa ya mbele. Najua mtasema balbu itaungua. Sikilizeni. Malaysia, nchi yenye pikipiki nyingi kuliko tunavyoweza kufikiri, walianza mwaka 1992 kuwataka waendesha pikipiki wawashe taa mchana. Watafiti wakaziangalia zile ajali za "sikumwona", yaani gari linakata kona au linatoka barabara ndogo mbele ya pikipiki. Zilipungua kwa asilimia 29. Na huko New Zealand walilinganisha waendesha pikipiki walioumia na wale ambao hawakuumia, matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Waliovaa nguo ya kuakisi au ya rangi inayowaka walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 37. Waliowasha taa mchana, pungufu kwa asilimia 27. Wenye helmeti nyeupe, pungufu kwa asilimia 24 kuliko wenye nyeusi. Helmeti nyeupe! Haijakugharimu hata senti zaidi, ni kuchagua tu pale dukani, na ninyi wote mmechagua nyeusi kwa sababu inapendeza.

Na msidhani ni kwamba madereva wa magari ni wabaya. Ubaya upo, sikatai. Lakini dereva anayetaka kuingia barabara kuu anatafuta magari. Macho yanapita haraka, kushoto, kulia, yanatafuta kitu kipana. Pikipiki ni nyembamba, tena rangi zake ni rangi za miti na kivuli. Anaweza kukutazama usoni kabisa na asikuone. Kila mwendesha boda hapa ameshawahi kusema: "Alinitazama, halafu akaingia." Ni kweli alikutazama.

Wazazi. Nataka tukae kidogo kwenye hii sweta, kwa sababu naiona kila alfajiri. Sare ya shule ya msingi ni shati jeupe. Aliyeichagua nyeupe kasaidia watoto bila kujua. Lakini saa kumi na moja na nusu alfajiri huku kwetu kuna baridi, na mama mwema anamvisha mtoto sweta. Sweta ni bluu ya giza au kijani cha chupa. Shati jeupe limekwenda zake. Sketi bluu, kaptura bluu, viatu vyeusi, mtoto mwenyewe ni wetu, ngozi yetu ni nzuri ila usiku haituonyeshi. Kilichobaki cheupe ni soksi, na soksi ziko chini ya vumbi.

Watoto tumewafundisha kutembea upande wa kulia, waliangalie gari linalokuja, na hilo ni sahihi, kwa sababu magari yetu yanapita kushoto. Lakini watu wakinunua begi lenye reflekta wanakuta kipande kimeshonwa nyuma. Mtoto anayeliangalia gari, mgongo wake uko upande wa pili. Begi linawaangazia wanaokwenda zao. Kwa hiyo mkanda uwekwe kwenye mikanda ya begi, mbele ya mabega, na kipande kingine nyuma kwa ajili ya safari ambayo mtoto amesahau upande. Na miguuni, kwa sababu mliyoiona golini.

Akina mama mnaokwenda kisimani kabla hakujakucha, na mnaorudi gulioni usiku: mgongo una mtoto, kichwa kina ndoo, mikono imeshika khanga. Sitawaambia mvae vizibao, najua hamtavaa. Bandikeni mkanda kuzunguka ndoo. Ndoo iko juu, inayumba kwa mwendo, inaonekana pande zote, na haikatazwi na mtu. Dada zetu na mama zetu wa Kiislamu mnaotoka msikitini baada ya Isha na buibui jeusi, mkanda kwenye kipini cha pochi unatosha, hauharibu stara ya mtu. Akina baba wenye kanzu nyeupe mna nafuu, lakini mmesikia hesabu, nyeupe haifiki mita 70.

Wenzangu wa malori, wachache mliopo, msijifiche nyuma ya mwembe. Gari likiharibika tunafanya nini? Utingo anashuka na panga, anakata matawi, anayatandaza barabarani. Nimekua nikiliona hilo na mimi nimelifanya, kila dereva wa nchi hii anajua maana ya majani barabarani. Mchana yanasema vizuri. Usiku tawi la kijani ni jeusi, na kufika kesho yake limekauka limekuwa rangi ya lami yenyewe. Kuna wanaopanga mawe nyuma ya tela, gari likitengemaa wanaondoka na mawe wanayaacha. Huyo ametega mtego kwa watu asiowajua. Pembetatu za reflekta ziko kwenye kila gari, tunawaonyesha maaskari halafu tunazirudisha chini ya kiti. Toeni. Moja iende hatua mia nyuma, tena kama kuna kona au mteremko iwekwe kabla ya kona yenyewe, siyo baada yake. Na tela lenyewe livishwe mkanda ubavuni na nyuma, na mkanda ufutwe. Marekani walianza kulazimisha mkanda huo kwenye matela mapya mwishoni mwa mwaka 1993. Walipokuja kuhesabu, ajali za gizani za magari kujigonga ubavuni au nyuma ya matela zilikuwa zimepungua kwa asilimia 29, na pale pasipokuwa na taa za barabarani kabisa, asilimia 41. Barabara yetu hii, mbali na miji, ina taa ngapi? Basi sisi tuko kwenye ile 41. Na gari chongo, lenye taa moja ya mbele, lisitoke nyumbani. Anayekuja anadhani ni pikipiki, anakupa nafasi ya pikipiki.

Kuna kijana ameniuliza kabla sijaanza, na swali lake ni zuri, nalijibu mbele ya watu. Alisema: "Mzee, kwa nini sisi wa miguu ndio tujifunge mikanda? Wenye magari wapunguze mwendo." Ana haki. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo vya barabarani karibu milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na zaidi ya nusu ni watembea kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki, watu wasio na bati linalowazunguka. Ndicho kinachoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hao hawakufa kwa sababu wamekataa kuvaa reflekta. Wamekufa kwa sababu barabara imejengwa kwa ajili ya gari, na mtu akaachiwa ukingo wa vumbi. Mheshimiwa Diwani, upo hapa: njia ya waenda kwa miguu kutoka shule mpaka zahanati, matuta pale sokoni, taa mbili tatu penye kivuko. Uyapeleke kwenye vikao vya halmashauri, na sisi tutakuuliza. Tangu mwaka 2023 mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa tena kutembea usiku kucha, saa nane ya usiku barabara hii haijalala kama zamani. Mahitaji yamebadilika.

Na mtu asije kumwambia mfiwa "mtoto wako hakuvaa reflekta". Dereva aliyekuja na 110 penye kibao cha 50 ana kosa lake, na kosa hilo halipungui kwa sweta ya mtoto. Ila kijana wangu, njia ya waenda kwa miguu itachukua bajeti mbili tatu, na mtoto wako anakwenda shule kesho asubuhi. Yote mawili tuyafanye, lakini hili la mkanda halisubiri kikao.

Nimekuja na mikanda. Haitatosha kila mtu kupata anachotaka, kwa hiyo tumekubaliana na Mwalimu Mkuu hivi: mabegi ya watoto kwanza, kisha ndoo na baiskeli, pikipiki mwisho, maana ninyi mna kipato na dukani ipo. Mabegi na mkasi viko mezani kwa mwalimu wa zamu. Baiskeli zipangwe upande wa mwembe, pikipiki upande wa ofisi. Atakayebandika kwenye chuma afute vumbi kwanza kwa kitambaa chenye maji, akaushe kabisa, maana gundi haishiki kwenye vumbi wala kwenye mafuta, na kesho mtasema mzee ameleta mikanda mibovu. Vipande vya miguuni vimeshakatwa urefu wa kiganja, kila mtoto viwili. Mwalimu, wanaweza kuwasha taa sasa.